Samaki Wawili Waliofiwa

Watu wa nyumbani hawakuwahi kunisamehe kwamba nilikaa ng'ambo miaka yote ile, nikarudi na samaki wasiolika. Ningerudi na mchumba mzungu wangeelewa. Ningerudi mikono mitupu wangenihurumia, wangesema dunia ndivyo ilivyo. Mimi nilishuka Ifakara na madumu yaliyofungwa kwa uangalifu, ndani yake vijisamaki visivyofika urefu wa kidole gumba, na mama aliponiuliza vinapikwaje nikamjibu havipikwi. Akaniuliza tena, polepole, akidhani sikulisikia swali.

Hapa bondeni samaki hajadiliwi, analiwa. Kitoga ana watu wake, kambale ana watu wake, perege ni wa wote, na ukifika Kivukoni asubuhi utakuta watu wazima wenye wajukuu wanabishana kwa hasira nani mtamu zaidi kwa wali mpya. Katika mazingira hayo, binti aliyesomeshwa mpaka mwisho wa kusoma anasimama mbele ya ukoo na kusema kazi yake ni kuangalia samaki. Siyo kuwavua, siyo kuwauza, kuwaangalia. Mjomba wangu, mstaafu wa mashamba ya miwa kule Kidatu, aliuliza kama serikali inajua.

Nilieleza mara nyingi, na kila mara nilieleza vibaya, kwa sababu nina hasira za karibu na sipendi kurudia. Kazi yangu ni kufuatilia jinsi kiumbe kinavyojijenga kutoka kwenye yai moja. Samaki hawa, ambao huitwa samaki pundamilia kwa ajili ya mistari yao, wana fadhila moja kubwa: mayai yao ni angavu, na mtoto hukulia nje ya tumbo la mama yake, mbele ya macho yako. Yai likitagwa leo asubuhi, kesho unauona moyo umeanza kupiga. Unaanza kama kibomba kilichonyooka, na kibomba hicho kinadunda kabla hakijawa na damu ya kusukuma. Mimi nataka kujua moyo huo unajengwaje, na unaharibikaje yai likikaa kwenye maji ya mitaro ya mpunga wiki ambayo watu wamepulizia dawa ya magugu. Maji hayo hayo ndiyo tunayooshea vyombo. Kwa hiyo si mchezo, ingawa nakubali kwamba anayenitazama kupitia dirishani anaona mtu mzima anachungulia beseni.

Samaki wangu walikuwa wa pekee hata miongoni mwa wenzao. Kwa uvumilivu ambao sina katika jambo lingine lolote, nilikuwa nimepata kizazi kisicho na rangi kabisa. Hata mkubwa wao unamwona mifupa, unamwona utumbo, na unauona moyo ukipiga akiwa anaogelea zake.

"Pundamilia asiye na mistari ni punda," alisema bibi, mama yake baba, siku niliyomwonyesha. Akacheka utani wake mwenyewe mpaka akapaliwa na chai.

Bibi alizaliwa upande wa Malinyi na alikuwa amekaa nasi tangu nikiwa mdogo. Aliniita mke mwenzake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na alinisema kila asubuhi kama mke mwenza anavyosemwa. Nimevaa nini hicho. Nimekula kidogo mno, nataka watu waseme ananinyima. Nimeolewa lini? Sijaolewa, lakini naozesha samaki. Hilo la mwisho alilipenda sana, akalisema kwa majirani, kanisani, na hospitalini kwa daktari ambaye hakuwa ameuliza.

Sasa, masika ya mwaka huo radi ilipiga transfoma iliyokuwa ikilisha chumba changu cha samaki kazini. Umeme ulikatika, pampu zikasimama, jenereta ikakohoa ikanyamaza. Samaki wa kawaida, wale wenye mistari, walistahimili wengi. Kizazi changu kisicho na rangi kilianza kufa mmoja mmoja, na mimi nikisimama hapo na pampu ya baiskeli na kipande cha mrija nikiwapulizia hewa kwa mkono, nikimtukana kila aliyewahi kugusa waya Tanzania. Nilipoona mambo yamezidi, niliwachukua waliobaki nikawapeleka nyumbani, ambako baba alikuwa na sola juu ya bati. Waliobaki walikuwa wawili. Mungu ni wa huruma: dume na jike.

Nikawaweka kwenye tangi dogo la kioo sebuleni, juu ya meza ya televisheni, chini ya picha ya Bikira Maria, na kipampu kikitoa mapovu kwa umeme wa sola. Jike lilikuwa mtu mzima tayari. Kama wale wawili wangetaga, kazi yangu ingeendelea. Kama mmoja angekufa kabla, kizazi kingekuwa kimeisha, na mimi ningeanza upya kuomba samaki ng'ambo, vibali, mizigo ya ndege, na kueleza kwa afisa wa forodha kwamba hawapikwi. Nilipanga niwape siku chache wapumzike, halafu niwatagishe.

Bibi akafa wiki hiyo hiyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mchana, kibarazani, akiwa ametoka kumgombeza kuku. Mama alipompelekea uji akamkuta ameinamisha kichwa, akadhani amelala.

Nilimpenda bibi yangu kuliko mtu yeyote, nalisema wazi. Lakini sikulia. Wanawake walijaa nyumbani, mama akalia mpaka sauti ikakauka, shangazi wakaanguka na kuinuliwa, na mimi nilikuwa natembea huku na huko na macho makavu, nikihesabu vikombe na kuulizwa chumvi iko wapi. Kifua kilikuwa kizito lakini hakikufunguka. Nilisikia mtu jikoni akisema, "Kusoma sana kunakausha." Mama alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, lia hata kidogo, watu wanaangalia." Nikamwambia silii kwa ajili ya watu. Akasema basi nilie kwa ajili yake yeye. Nikajaribu, haikutoka.

Sebule ilitolewa viti vyote, mikeka ikatandikwa, wanawake wakakaa. Meza ya televisheni peke yake haikuguswa, maana nilisimama mbele yake nimekunja mikono. Kwa hiyo bibi yangu aliombolezwa mbele ya samaki wawili, na waombolezaji waliochoka kulia waliwaangalia. Niliona shangazi mmoja, katikati ya kwikwi, akimwonyesha mwenzake kwa kidevu: "Yule utumbo unaonekana."

Halafu wakaja watani.

Kabila lao silitaji. Nikilitaja watasema nimewasifu, na sitaki kuwapa hiyo furaha. Wao na sisi ni watani tangu enzi za mababu, na mwenye mtani anajua sheria: kwenye msiba wako yeye ndiye mwenye mamlaka. Atachukua anachotaka, atasema anachotaka, atamwigiza marehemu mbele ya jeneza, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unatozwa. Yeye naye ana kifungo chake kimoja: mtani halii. Waliofiwa ndio wanaolia. Mtani kazi yake ni kuhakikisha hawafi pamoja na marehemu.

Aliyewaongoza alikuwa bibi kizee wa Kiberege, rika moja na bibi yangu. Wale wawili walikuwa wametukanana tangu wakiwa wasichana. Kila alipopita Ifakara aliingia kwetu bila hodi, akachukua kitu, kanga kwenye kamba au kuku uani, akaondoka nacho, na bibi akamfukuza mpaka barabarani akimwita mwizi wa kurithi. Mwezi uliofuata bibi alipanda gari kwenda Kiberege kuiba chake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maadui. Nilishangaa kwamba bibi alipougua malaria kali, mtu aliyekaa kitandani kwake wiki nzima akimlisha uji na kumtukana alikuwa yule.

Alianza kusikika akiwa bado njiani. "Amekufa na sufuria langu!" alipiga kelele. "Mfungueni mikono, mtaona ameling'ang'ania!" Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kutikisika mabega, na haikujulikana tena nani analia nani anacheka. Kifo cha wengi harusi, ndivyo wasemavyo. Aliingia chumbani kwa bibi, akatoka amevaa kanga zake, miwani yake na fimbo yake mkononi, amejikunja mgongo, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya bibi kabisa. Mama alishika ukuta.

"Nimetoka kidogo tu, mmeshajaza watu nyumbani kwangu," alisema kwa sauti hiyo. "Nani anapika? Wali huu mbona umeungua? Nilisema nikifa asipike huyu!" Akazunguka sebuleni akimnyooshea fimbo kila mtu. Akafika kwenye meza ya televisheni. Akainama, akasogeza miwani.

"Mke mwenzangu."

"Abee, bibi," nikajibu. Kwenye utani unajibu.

"Hawa ni kina nani?"

"Samaki wangu, bibi."

"Wa nyumba hii?"

"Ndiyo, wa nyumba hii."

"Wamefiwa?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema hapana, ni wageni, wapita njia. Lakini akili yangu ilikuwa imechoka nikasema, "Wamefiwa, bibi."

"Dume na jike?"

"Dume na jike."

Akanyooka. Akawageukia wanawake waliokaa mikekani, kila mmoja wao ametengana na mumewe tangu bibi alipokata roho, kama desturi inavyotaka: wanawake ndani, wanaume nje kwenye moto, na hakuna mke na mume kulala pamoja mpaka matanga yaanuliwe. "Ninyi," akasema, "waume zenu wako wapi?"

"Nje, bibi," wakajibu kwa pamoja, walishaona inakoelekea.

"Baba wa nyumba hii analala wapi?"

"Nje!"

"Na huyu," akagonga kioo kwa kucha, "amelala na mke wake hapa mbele ya msiba wangu, chini ya Bikira Maria, ananitikisia mkia?"

Sebule nzima ililipuka. Mimi nilisikia damu inapanda kichwani. Nikasema samaki hawahusiki. Akauliza kwani wamefiwa au hawakufiwa. Nikasema hawa ni wa utafiti. Akasema hata mwenyekiti wa mtaa ana kazi zake na analala nje. Nikafungua mdomo kusema neno ambalo lingenitoza mbuzi, na mama akanikanyaga mguu.

Sikuwa naogopa watengane. Kutenganisha dume na jike ni jambo la kawaida katika kazi yetu, jike hujaza mayai vizuri zaidi. Nilichoogopa ni nje. Nje kulikuwa na moto, majivu, pombe, wanaume wanaocheza karata, na kuku. Dume lile lilikuwa la mwisho la kizazi chake duniani, na lilikuwa linahukumiwa kwenda kukaa na wajomba zangu.

Lilihukumiwa. Nilikata dumu safi la plastiki nikalihamishia dume humo mwenyewe, huku watani wakiimba wimbo wa kumsindikiza bwana harusi kinyumenyume. Nilimkabidhi mjomba wa Kidatu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hajaanza kunywa. Nikampa masharti: kivulini, mbali na moto, asipewe chakula chochote, maji abadilishe kidogo kwa yale niliyoyaweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Mjomba alilipokea dumu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa mwajiri wake.

"Anaitwaje?" akauliza.

"Haitwi, mjomba."

"Basi tutamwita shemeji."

Kuanzia hapo nilipeleka chai upande wa wanaume kuliko binti yeyote aliyewahi kufiwa. Kila nilipofika nilichungulia dumu. Mara nikakuta wamemwekea punje ya wali. "Hakula," mjomba akanihakikishia, "nadhani ni huzuni." Mara nikakuta limewekwa katikati ya wacheza karata, na mmoja anamwonyesha samaki karata zake kabla hajatupa. Mzee mmoja, mkulima wa mpunga ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, alikuwa ameketi amelikodolea macho dumu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. "Kile kinachodunda pale," akaniuliza, "ni moyo?" Nikasema ni moyo. Akatikisa kichwa. "Basi hana pa kuficha kitu," akasema, akasogea kidogo kumpisha mwenzake aone. Baadaye wakawa wanapokezana. Nilikuwa nimejitahidi kwa miaka kuwafanya watu wa bonde hili watazame moyo wa samaki, na ilibidi samaki afiwe kwanza.

Ndani nako jike lilikuwa limekuwa mfiwa mkuu. Wanawake waliingia, wakampa mama pole, wakampa baba pole kupitia dirishani, wakageuka kwenye tangi wakasema, "Pole mama, na wewe." Shangazi mmoja alitaka kulivisha kitambaa cheusi. Nikamwambia lingekosa mwanga. Akasema mfiwa hahitaji mwanga.

Tukamzika bibi. Watani wakalala kaburini wakikataa jeneza lisishuke, wakadai kuku, wakapewa, wakadai mwingine. Yule bibi wa Kiberege alisimama ukingoni na miwani ya marehemu, akamgombeza marehemu kwa sauti ya marehemu: usichelewe kulala, usigombane na majirani huko uendako, wakikuuliza umejuana na nani usinitaje mimi. Watu walicheka wakilia. Nilitazama udongo ukiingia. Macho yangu yalibaki makavu, na wakati huo nilianza kujiogopa.

Jioni baada ya mazishi, katekista alikuja kuongoza sala. Meza ndogo ilitolewa nje, kati ya wanaume na wanawake, ikatandikwa kitambaa cheupe, ukawekwa msalaba na mishumaa. Mimi nilikaa nyuma kabisa na wanawake. Sikujua kwamba mjomba, akisumbuliwa na jogoo aliyekuwa analizungukazunguka dumu, alikuwa ametafuta mahali pa juu penye usalama. Mahali pa juu pekee palikuwa mezani. Na kwa kuwa ni mtu mwenye heshima, alikuwa amelifunika dumu kwa leso nyeupe safi.

Katekista alipofika kwenye kunyunyiza maji ya baraka, alinyoosha mkono bila kuangalia, kama alivyofanya kwenye misiba mingi kabla ya huo. Chupa yake mwenyewe ilikuwa imedondoka chini ya meza. Mkono ukakutana na leso. Akaifunua, akachovya tawi, akalikoroga vizuri, na kwa nguvu za imani akalitupa juu ya vichwa vya watu.

Niliona kitu kinang'aa hewani.

Sijui nilipiga kelele ya namna gani. Niliruka juu ya miguu ya shangazi zangu nikiita "Jamani! Jamani! Ndiye wa mwisho!" na kabla sijafika popote wanawake wanne walikuwa wamenidaka. Walikuwa wamesubiri jambo hili tangu mwanzo na hawakukubali lipotee. Wakanikumbatia, wakanilaza. "Mwacheni atoe!" mama alikuwa anasema, analia kwa shukrani. "Toa mwanangu, toa yote!" Nikapiga kelele kwamba ni samaki, samaki wangu. "Masikini, uchungu umempanda kichwani, anataja samaki," mtu akasema, akanifungulia kanga kifuani nipate hewa. Katekista, akiona maji yake yamefanya kazi kubwa hivyo, akachovya tena.

Kupitia katikati ya mikono ya watu nilimwona jogoo. Alikuwa amesimama ukingoni mwa mkeka wa wanaume, shingo upande, akitazama kitu kidogo kinachorukaruka. Nilijua kwa hakika kabisa kwamba kazi yangu yote ilikuwa mbele ya jicho lile la mviringo, na nilikuwa nimebanwa chini na watu wanaonipenda.

Fimbo ya marehemu ikapita hewani ikampiga jogoo ubavuni. Bibi wa Kiberege alikuwa ameshapiga magoti. Alitema mate kiganjani, sijui kwa nini, akakilowesha tena kwenye beseni la kunawia, akamwokota dume, akamrudisha kwenye dumu. Kisha akasimama wima na kumtazama katekista kupitia miwani ya bibi.

"Baba katekista," akasema, "ukimbatiza, mpe na jina."

Sala iliishia hapo, ingawa katekista alimalizia peke yake kwa sauti ya chini. Dume lilikaa chini kabisa ndani ya dumu likihema. Mjomba alikataa kula usiku ule. Mimi nililala mlangoni, mguu mmoja upande wa wanawake na mwingine upande wa wanaume, na hakuna aliyenifukuza.

Matanga yalipoanuliwa, wazee waliwaruhusu watu warudi majumbani na wake na waume warudiane. Baba aliingia ndani akiwa na aibu kama kijana. Watani walivua nguo za marehemu, wakagawana walichostahili, na kabla ya kuondoka bibi wa Kiberege akasema kazi moja bado. Akalibeba dumu mwenyewe kutoka nje, watu wakifuata kwa vigelegele, mpaka sebuleni. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mjomba akasema anamwombea shemeji maisha mema. Nikamhamisha dume kwenye tangi, nikaweka chini wavu wa kipande cha chandarua ili mayai yapenye na wazazi wasiyale, maana samaki hawa hawana haya, hula watoto wao. Nikafunika tangi zima kwa blanketi. Hutaga alfajiri, baada ya giza, mwanga unapowajia ghafla.

Asubuhi nilifunua. Walizungukana kidogo. Halafu dume likamsogelea mwenzake, likambana ubavuni, likatetemeka, na chini ya chandarua yakaanza kudondoka mayai, angavu, mengi kuliko jike la umri ule lilivyokuwa na haki ya kutaga. Nilikaa sakafuni. Sikupiga kelele kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imelala usingizi wa watu waliomaliza msiba.

Bibi wa Kiberege alikuja kesho yake kuaga. Alikuwa amelala kwa jirani akisubiri gari. Alikuja bila wenzake, bila kelele, akabisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Akasimama kibarazani kidogo, akakitazama kiti cha bibi, hakukikalia.

"Maharusi wako walitii?" akauliza.

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeleta hadubini ndogo kutoka kazini, ipo juu ya meza karibu na dirisha, na yai moja tayari juu ya kioo. Nikamkalisha, nikamweleza aweke jicho pale. Akainama.

"Naona uji."

"Subiri bibi. Usibane jicho."

"Naona... kuna kitu kinachezacheza."

"Ndiyo moyo huo. Umeanza kupiga leo."

"Ana mwili?"

"Bado anautengeneza. Moyo umetangulia."

Nikasubiri tusi. Alikuwa na matusi ya kutosha, na mimi nilikuwa na majibu. Usiku kucha nilikuwa nimeyaandaa.

"Huyu," akasema, "hana habari kama kuna msiba."

Akabaki ameinama. Nje kuku walikuwa wanakwaruza, gari la Kidatu, lipitalo Kiberege, lilipiga honi barabarani, nikamwambia bibi gari lako hilo. Hakuinuka. Niliona mikono yake imeshika ukingo wa meza, mishipa imetokeza. Alipoinua kichwa aligeukia dirishani moja kwa moja, kisogo kwangu, akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Mjukuu wangu," akasema, "mashine yako hii inavuja."

Nikainama kuangalia. Sikuona yai wala moyo, ukungu mtupu. Kioo cha kuwekea jicho kilikuwa kimelowa chote. Nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa, halafu sikuchukua. Nikaweka jicho langu palepale lilipokuwa lake, kwenye ule umaji wa vuguvugu, nikakaa hivyo, na kifua changu kikafunguka.

"Ni kweli, bibi," nikasema nilipoweza kusema. "Inavuja."